Risasi za nguvu ndogo kwa bunduki kubwa za uwindaji

BUNDUKI iliyoundwa kumwangusha nyati au ndovu humwadhibu pia anayeifyatua. Ndiyo maana walengaji wengi, hasa nchini Marekani, hujitengenezea risasi za nguvu ndogo zenye vichwa vya madini ya risasi vilivyosubiwa kwa kalibu.

Mfano mzuri ni bunduki ya .458 Winchester Magnum, iliyoingia sokoni mwaka 1956 ikikusudiwa wawindaji wa wanyama wakubwa wa Afrika. Kichwa cha risasi yake ya kawaida kina uzani wa gramu 32, na hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 600 kwa sekunde. Teke lake ni kali kiasi kwamba asiyelizoea huanza kufumba macho na kujikunyata kabla ya kufyatua. Tabia hiyo ikishaota mizizi ni vigumu kuing'oa, na mbele ya nyati aliyejeruhiwa yaweza kumgharimu mwindaji uhai wake.

Wazo lenyewe ni la kale. Jeshi la Marekani lilipoanza kutumia risasi ya .45-70 mwaka 1873, askari wa miguu walipewa yenye gramu 4.5 za baruti nyeusi. Askari wa farasi, waliobeba bunduki fupi na nyepesi, walipewa yenye gramu 3.6 ili teke lipungue. Kwa kuwa vichwa vya risasi hiyo na vya .458 vina kipenyo kinachokaribiana sana, kiasi cha milimita 11.6, kalibu za bunduki hiyo kongwe huwafaa pia wenye .458.

Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Kwa kuwa ni laini, huchanganywa na bati na antimoni ili yawe magumu. Mchanganyiko uliosifika sana ulitoka katika viwanda vya magazeti: madini ya mitambo ya Linotype, yenye takriban asilimia 84 ya risasi, 12 ya antimoni na nne ya bati. Uchapishaji ulipohamia kwenye kompyuta, sehemu ya shehena hiyo iliishia katika vyungu vya wasubu.

Kichwa kikishapoa hupakwa mafuta mazito, mara nyingi yenye nta ya nyuki, ili madini yasigande ndani ya mtutu. Vingine huvishwa kikombe kidogo cha shaba kitakoni kuvikinga na gesi ya moto.

Hata hivyo, kosa kubwa ni kudhani kwamba baruti ikipungua, hatari nayo hupungua. Kwanza, baruti kidogo hujaza sehemu ndogo tu ya ganda kubwa, hivyo mtu anaweza kuitia mara mbili bila kutambua na kuipasua bunduki. Pili, ikiwa kidogo mno, kichwa hukwama mtutuni, na risasi inayofuata huweza kuupasua mtutu huo. Tatu, baruti inayoungua polepole ikipunguzwa kupita kiwango chake yaweza kuleta shinikizo lisilotabirika.

Kwa sababu hiyo, watengenezaji makini hufuata majedwali ya viwanda vya baruti pekee, hupima kwa mizani na kumulika ndani ya kila ganda kabla ya kulifunga. Aidha, husubu mahali penye hewa ya kutosha, mbali na watoto, kwani madini ya risasi ni sumu. Tone moja la maji likiingia chunguni hurusha madini ya moto usoni.

Risasi hizi ni za mazoezi, wala si za kumkabili nyati. Isitoshe, kwa kuwa huenda polepole, kwa kawaida hulenga mahali tofauti na zile za nguvu kamili. Kabla ya kuingia porini, mwindaji hana budi kurejea risasi kamili na kuijaribu shabaha yake upya.