Majumba Yaliyobadili Kazi: Siku Moja Mji Mkongwe

Mwaka 1949, ndani ya kuta ambazo Waomani walizijenga ili Wareno wasithubutu kurudi, palifunguliwa klabu ya wanawake yenye uwanja wa tenisi. Kuta hizo ni za Ngome Kongwe, inayotazama bahari ya Forodhani, Unguja. Ujenzi wake ulianza mara baada ya Fort Jesus ya Mombasa kuanguka mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Karne ya 19 ngome ikawa gereza, na waliohukumiwa kifo wakamalizwa nje ya ukuta wake wa mashariki. Karne ya 20 ilipoingia ikageuzwa bohari ya mafundi wa reli. Baada ya tenisi likaja jukwaa la wazi, na leo tamasha la filamu la ZIFF na lile la muziki la Sauti za Busara hukusanya watu humo humo. Ukihesabu kazi zote hizo, hakuna mstaafu wa serikali anayeifikia.

Ndiyo, Zanzibar ilikuwa na reli. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kazi mwaka 1905, ikatoka mjini hadi Bububu, mwendo wa kilomita kumi na kitu. Barabara na magari viliimaliza katika miaka ya 1920.

Msafiri anayeshuka peke yake kwenye boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam hatakosa wa kumshughulikia. Papasi, waongozaji wa mitaani, wanamsubiri nje ya geti la bandari ya Malindi, na kabla hajavuka barabara ameshatajiwa mashamba ya viungo, pomboo wa Kizimkazi na kima punju wa Jozani. Vyote ni vizuri. Lakini anayependa historia akishukuru kwa upole na kushika njia yake, atagundua kwamba vituko vya Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, havikutokana na wajenzi wenye wazimu. Vimetokana na tabia ya mji wenyewe: jengo likishindwa kazi moja, hupewa nyingine.

Jirani wa Ngome Kongwe ni Beit al-Ajaib, ambalo siku hizi hutazamwa kwa nje tu. Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe, si kwa kulala. Nguzo zake za chuma zililetwa kwa meli, sakafu zikatandazwa marumaru, na baadaye likawa jumba la kwanza Zanzibar kupata taa za umeme na lifti. Barghash alikuwa amewahi kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumpindua kaka yake Majid, na huko aliona jinsi mji mkubwa unavyoendeshwa. Alipokalia kiti mwaka 1870, alikuwa na hamu ya mabomba ya maji, saa za mnara na meli za moshi.

Meli moja kati ya hizo ndiyo iliyokuja kuleta kioja. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoharibu meli zake, Barghash aliagiza Uingereza meli mpya iitwayo Glasgow, iliyoigwa kutoka manowari ya Kiingereza. Ilikuwa zaidi ya kujionyesha kuliko ya kupigana. Ikatia nanga mbele ya jumba, ikakaa hapo.

Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia jumbani na kujitangaza mtawala bila idhini ya Waingereza. Akapewa hadi saa tatu asubuhi ya Agosti 27 ashushe bendera. Hakuishusha. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza, na baada ya dakika 38 hivi vita vilikuwa vimekwisha. Vinahesabiwa kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Khalid walipindukia 500, na upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Ufupi huo husimuliwa leo kama mzaha, na waongozaji wengine huufikisha mahali pa kucheka, wakiwaacha nyuma hao 500.

Glasgow ilijibu mashambulizi, ikazamishwa. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji ya bandari kwa miaka mingi, kila meli iingiayo ikiipita, mpaka mabaki yake yalipovunjwa mwaka 1912. Khalid mwenyewe alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani, na ili asikanyage ardhi ambako angekamatwa, Wajerumani walingoja maji yajae, mashua ikaletwa karibu na ukuta, akapandishwa na kupelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimnasa miaka 20 baadaye, katika vita vya kwanza vya dunia. Wakampeleka Shelisheli, kisha St Helena, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927.

Mnara ulioko kwenye uso wa Beit al-Ajaib ni kovu la asubuhi ile. Kabla ya vita palikuwa na mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya jumba. Uliharibiwa, na jumba lilipotengenezwa likapewa mnara wake lenyewe, wenye saa. Baadaye likawa ofisi za serikali ya kikoloni, na baada ya Mapinduzi likaishia kuwa makumbusho. Hapo ndipo bahati ya kubadili kazi ilipogoma. Desemba 25, 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake ya mbele iliporomoka na kuua watu wawili.

Kutoka hapo hadi Mkunazini ni mwendo wa miguu kwa anayejua vichochoro. Asiyejua atapotea kidogo, na kupotea hakudhuru, kwa kuwa kila kichochoro hatimaye humtoa ama baharini ama Darajani.

Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa. Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga Juni 1873 baada ya kubanwa na balozi John Kirk, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Altare inasemekana iko pale ulipokuwa mti wa kuchapia viboko. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye anawadai wasomaji wa Kiswahili heshima nyingine: mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili pamoja na mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa Unguja.

Mtu akisimama karibu na kisima cha ubatizo, atazame nguzo zilizo nyuma ya kanisa. Zimepinduliwa, vichwa vyake viko chini. Inasimuliwa kwamba Steere alisafiri, mafundi wakazisimika walivyoona inafaa, naye aliporudi akaamua kuziacha. Ukutani kuna msalaba uliochongwa kutoka mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone. Mwili wenyewe ulibebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao hadi Bagamoyo mwaka 1874, ukavushwa Unguja, ukalazwa katika ubalozi wa Uingereza pale Shangani.

Vyumba vya giza vilivyo uani, wanavyoonyeshwa wageni kuwa vya kufungia watumwa, vina utata. Viko chini ya jengo ambalo wamisionari walilitumia kuwa hospitali, na wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba vilichimbwa baada ya soko kufungwa. Unyama wa soko lile hauhitaji kutiwa chumvi, kwa hiyo ingekuwa heri shaka hiyo iandikwe mlangoni.

Hamamni hapachukui muda. Barghash alijenga hamamu ya umma kwa mtindo wa Kiajemi, yenye vyumba vya mvuke na mahali pa kunyolewa, na leo ni vyumba vikavu vyenye mwangwi mzuri. Panapofaa kukaa ni Jaws Corner, makutano ya vichochoro ya Sokomuhogo yenye jina la ile filamu ya papa. Wazee hucheza dhumna, kahawa chungu inamiminwa kutoka kwenye dele hadi kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na kashata iko pembeni. Mgeni asiye na mwenzake husogezewa nafasi barazani bila kuulizwa ametoka wapi. Maswali huja kikombe cha pili, na mara nyingi ni ya siasa.

Alasiri mashua humvusha hadi Changuu. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa sultani, alikinunua kisiwa hicho mwaka 1893 na kujenga gereza. Halikupokea mfungwa hata mmoja. Likawa karantini ya homa ya manjano, na abiria wa meli wakakaa humo wakingoja kuruhusiwa kuingia mjini.

Kobe wakubwa wanaotambaa uani walianza kwa zawadi ya wanne kutoka kwa gavana wa Shelisheli, mwaka 1919. Walizaana wakafika 200 hivi mwaka 1955, kisha wezi wakawaandama. Kufikia 1996 walibaki saba. Vitoto vilivyoletwa mwaka huo kuongeza idadi navyo viliibwa kwa wingi, ndipo likajengwa eneo la uzio wa kuwalinda. Kwa hiyo gereza lililokosa wafungwa limepata wakazi wa kufungiwa, na kosa si lao. Umri wa kobe huandikwa kwa rangi mgongoni, na wengine wamepita miaka 100.

Mashua hurudi kabla ya magharibi, wakati wauzaji wa urojo, mishikaki na maji ya miwa wanapanga meza Forodhani. Bustani hiyo nayo haikuanza kama bustani. Palikuwa na forodha, kisha mabanda ya ile reli ya Bububu, na miti na njia za kutembelea zilikuja mwaka 1936 kwa ajili ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub. Ilikarabatiwa tena mwaka 2009 na shirika la Aga Khan. Anayekula urojo wake kwenye kuta za ufukweni ana Ngome Kongwe nyuma yake, na siku za tamasha husikia muziki kutoka ndani bila kununua tiketi.