Takwa: Mji Uliovuka Mkondo

Msafiri atokaye Lamu kwenda Takwa hana budi kungoja maji yajae, kwani mkono wa bahari uingiao ndani ya kisiwa cha Manda baina ya mikoko haupitiki kwa mashua maji yakitoka; na akishashuka hukabiliwa na masalio ya ukuta wa mji ambao, katika karne ya 16 na ya 17, ulikuwa na nyumba za mawe na chokaa, visima, na watu wenye dini yao na biashara yao.

Jengo lililosalimika kuliko mengine ni msikiti wa Ijumaa, nao una jambo la kustaajabisha: juu ya ukuta wake wa kibla umesimama mnara mnene wa mviringo, wala si wa kuadhinia, bali wa namna ile ijengwayo makaburini katika pwani yetu, hata wako wasemao kwamba hapo amezikwa shekhe. Liko na kaburi jingine lenye mnara, lililoandikwa taarikh ya Hijra 1094, yaani mwaka 1683 wa Miladi. Na haukupita muda mrefu baada ya hapo mji ukahamwa. Bwana James Kirkman, yule aliyeufukua mji wa kale wa Gede, alipochimba hapa mwaka 1951 alikuta magofu yaliyomezwa na pori.

Kuhusu sababu ya kuhama, wengine hutaja uhasama wa Takwa na Pate, na wengine husema maji ya visima yaliingia chumvi. Mimi naielemea hii ya pili, kwa kuwa adui hupatana naye mtu, au humlipa, au humngojea achoke, ama kisima kilichoharibika hakina suluhu. Tena wahamaji hawakwenda mbali, walivuka tu mkondo utenganishao Manda na Lamu wakakaa Shela, ambako vilima vya mchanga huhifadhi mvua na kuwapa watu wa Lamu maji matamu hata leo.

Kwa hiyo wale wauitao Takwa mji uliopotea huniajabisha, maana wenyewe wanajulikana na wako ng'ambo. Na kwa desturi waliyorithi, watu wa Shela huvuka kwenda kuzuru kaburi lile lenye taarikh na kumwomba Mwenyezi Mungu mvua.