Jabreen, nyumba ya ndugu wawili

Jamaa zangu wote wa Unguja, Pemba, Dar na Mombasa! Najua nimepotea. Kazi, watoto, na huku siku zinakimbia kuliko huko. Lakini leo nina kisa kirefu, kwa hiyo tieni chai mkae.

Kama mnavyojua, shangazi yupo huku kwetu Azaiba tangu mwezi uliopita. Kila jioni nampeleka pwani, anakaa anatazama maji, ndege zinapita juu kwenda kutua (uwanja wa ndege uko hapa hapa karibu), halafu ananiambia, "Bahari hii kimya mno, haina hata ngalawa." Dukani hataki, kashachoka nayo. Mwisho akasema: "Nionyesheni huko walikotoka wazee wa babaako. Nimesikia Bahla, Bahla, toka mdogo. Nataka kuiona Bahla kabla sijafa."

Basi tukamtafuta mzee mmoja anayetembeza wageni kwa gari yake. Mwenyewe kazaliwa Unguja, kaja huku kijana katika miaka ya sabini, na Kiswahili chake bado cha Mjini kabisa. Siku nzima sisi peke yetu, hakuna basi la watalii wala kukimbizwa. Shangazi akamwita "ami" tangu Azaiba, na hadi tunafika Sumail washajuana kuwa wamesoma chuo kimoja cha Kurani.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, chai ya maziwa ndani ya chupa na mandazi kwenye kikapu. Barabara inapita Fanja, Sumail, Izki, Nizwa, kote huko milima mitupu, haina hata jani, na chini yake mitende. Bahla yenyewe ina ngome kubwa ya udongo ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1987. Shangazi akaitazama, akasoma Fatiha, akalia kidogo. Hayo ni yake, mie siyaandiki. Ninalotaka kukuelezeni ni la pahala tulipokwenda baadaye, kilomita chache mbele yake, kwenye uwanda mtupu: hisni ya Jabreen.

Nje utadhani ngome tu. Ndani ni kasri. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 17 na Imamu Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Ya'rubi. Babaake, Sultan bin Saif, ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, baada ya wao kuishika tangu 1507. Kwa hiyo mtoto alikua katika nchi iliyotulia, yenye mali ya bahari, akaamua kujenga. Na alikuwa mtu wa elimu: juu ya paa kuna skuli, wanafunzi wakisoma humo humo ndani ya nyumba ya Imamu.

Ami alitutembeza chumba kimoja kimoja. Chini kuna ghala la tende. Sakafu yake ina mifereji midogo midogo; magunia ya tende yakipandishwa moja juu ya jengine, uzito unakamua asali, inatiririka mpaka kwenye shimo inakochotwa. Shangazi akainama akatia kidole kwenye mfereji kama kwamba asali bado ipo. Juu ghorofani kuna chumba cha farasi. Naam, farasi, ghorofani! Shangazi: "Ngazi hizi mie zinanishinda, farasi alipandaje?" Ami akacheka, akasema hilo aulizwe farasi.

Halafu tukaingia chumba kinachoitwa cha Jua na Mwezi. Madirisha 14, saba chini saba juu. Hewa ya baridi inaingia kwa madirisha ya chini, ya moto ikipanda inatokea juu. Huko Azaiba mie nalipa umeme wa kiyoyozi mwaka mzima, na hawa walifanya kwa madirisha tu. Dari lake la mbao limechorwa maua na mizunguko, rangi nyekundu na nyeusi, mpaka shingo inauma kwa kutazama. Na chini kabisa ya nyumba unapita falaj, mfereji wa maji wa asili wa Oman, unaoingia kwenye jengo na kutoka. Bustani hapa si maua ya kutazama. Bustani ni maji, na maji yakishafika, mitende inajiotea nje ya ukuta.

Hapo hapo chini, hatua chache kushuka, kuna kaburi la Imamu mwenyewe. Nikamuuliza ami vipi mtu azikwe ndani ya nyumba yake. Akakaa kwenye ngazi, akatuhadithia.

Bil'arab alikuwa na ndugu yake, Saif. Walikosana. Wengine wakamfuata huyu, wengine yule, mpaka Saif akaja na watu wake akaizingira Jabreen. Bil'arab alikufa humu humu akiwa amezingirwa, kwenye 1692. Mlango aliojengea maadui ulifungwa kumzuia ndugu yake wa baba mmoja.

Na huyo Saif, watu wa Mombasa mnamjua, ila hamjui kuwa mnamjua. Huyu ndiye Imamu Saif bin Sultan, aliyepewa jina Qaid al-Ardh, maana yake aliyeifunga ardhi. Ndugu yake alipokwisha kufa, na nchi yote kuwa yake, aligeuza uso baharini. Machi 1696 majahazi yake yakafika Mombasa kuizingira Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Mazingira yale yalichukua karibu miezi 33. Ndani watu walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Desemba 1698 ngome ikaanguka. Na hata huko hapakuwa na Waarabu upande mmoja na Wareno upande wa pili tu, kama tulivyosomeshwa. Waswahili walikuwa pande zote mbili, wapo waliowaita Waomani na wapo waliokufa ndani pamoja na Wareno. Ndugu na ndugu tena.

Nilisimama pale kaburini nikawaza. Sisi huko skuli tarekhe yetu ilianza na Sayyid Said kuhamia Unguja, kama kwamba alishuka mbinguni na miche ya karafuu. Kumbe mlango ulifunguliwa kabla yake, na ulifunguliwa na mtu aliyetoka kumzika ndugu yake katika nyumba hii.

Njiani kurudi, tumekaa Nizwa tunakunywa kahawa na halwa, shangazi akasema, "Na kwetu si ndiyo hivyo hivyo?" Nikafikiri, ni kweli. Hebu yahesabuni majumba yetu.

Mtoni ndiyo la kwanza, makao ya Sayyid Said. Bibi Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844, kaandika jinsi uani palivyokuwa na tausi, mbuni na paa wakitembea, na mabafu yakijaa watu mchana na usiku. Sayyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akitoka Maskati kurudi Unguja. Jeneza lilikuwa bado halijapoa watoto washaanza. Thuwaini huku Maskati, Majid huko Unguja, kila mmoja anasema yote yake. Mwisho Waingereza wakaingia kati: mwaka 1861 Lord Canning akakata dola moja ikawa mbili, na Unguja ikatakiwa iipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Mgeni akikugawieni urithi, mjue na yeye kashapata fungu lake.

Na ndani ya Unguja yenyewe, Barghash alikwishajaribu kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859, akajifungia na watu wake kwenye shamba liitwalo Marseilles, likapigwa mizinga. Barua za njama zile aliziandika Bibi Salme, msichana wa miaka 15, kwa sababu alijifundisha kuandika kwa siri. Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye akarudi, na 1870 akawa Sultani. Akatujengea Maruhubi, na Beit el Ajaib mwaka 1883, na akaleta maji ya Chemchem mpaka mjini. Lakini dada yake aliyemuandikia barua, aliyekuja kuolewa na Mjerumani, aliporudi Unguja 1885 kutaka mapatano, hakumpokea. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja. Mie kila nikikaa pwani ya Azaiba hilo linanijia.

Sasa tazameni yaliyobaki. Maruhubi iliungua 1899, zimesimama nguzo tu. Beit el Sahel ilipigwa na manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, chini ya saa moja kazi ikaisha, na hapo tena chanzo kilikuwa Khalid kugombea kiti na jamaa yake. Beit el Ajaib iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili wakafa, na ilikuwa katika kukarabatiwa kwa msaada wa hii hii Oman. Jabreen nayo ilikuwa imechoka. Waliitengeneza upya kati ya 1979 na 1983, na leo mtoto wa skuli anapanda ngazi zile akaona dari alilolitazama Imamu.

Msinielewe vibaya. Silii masultani. Nilimuuliza ami nani alikuwa akibeba mawe na magunia yale, akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Unamjua nani." Mali ya majumba haya, ya huku na ya kwetu, ina jasho la watumwa ndani yake. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873 na utumwa wenyewe Unguja ukafutwa kisheria 1897. Oman ulikwisha 1970. Mama wa mama yangu ni mtu wa Makunduchi, babu wa baba yangu ni mtu wa Bahla, na mie siwezi kutembea ndani ya kasri nikashangilia upande mmoja tu wa damu yangu. Lakini nyumba ikianguka haisemi chochote tena, si la fahari wala la aibu. Ghala lile la tende likiwepo, mtu anaweza kuuliza nani alibeba. Likiwa kifusi hapana wa kuuliza.

Na ndipo nafika kwenye yetu.

Yanayohusu nyumba ya Malindi mnayajua wote, sitoyaandika hapa watu wa mbali wakayasoma. Nitasema tu kwamba mie nami nimo. Mwaka wa tatu huu nasema "nitatuma" na situmi, kwa sababu kila upande unanipigia simu kunieleza makosa ya upande wa pili, nami nikaona bora nikae kimya. Huku boriti za ghorofa ya juu zinaoza. Boriti zenyewe za mikoko, zile zile ambazo zamani majahazi yakijaza kuleta huku Ghuba kwa sababu huku hakuna mti wa kuezekea. Babu alizipanga kwa mkono wake.

Usiku tulipofika Azaiba, shangazi hakwenda kulala. Alikaa varandani kavua viatu, miguu imevimba kwa ngazi za Jabreen. Akaniuliza, "Yule Saif, aliposhinda, alihamia nyumba ya nduguye?" Nikamwambia sijui shangazi, najua kazikwa Rustaq, mbali na pale. Akasema, "Basi kila mmoja kalala kwake," akanyanyuka.

Asubuhi nikenda kutuma pesa za boriti. Nimempelekea mdogo wangu, ndiyo, yeye yeye niliyekuwa sisemi naye. Fundi amtafute yeye, asimamie yeye. Kama itauzwa, iuzwe ikiwa nzima. Kama itagawiwa, tugawane wenyewe tumekaa juu ya mkeka mmoja, asije Canning yeyote kutugawia. Mdogo wangu, ukisoma hapa, nipigie. Simu yangu haijabadilika.

Shangazi anarudi huko mwisho wa mwezi inshallah, na anawaletea halwa ya Nizwa, kwa hiyo mkampokee uwanja wa ndege kwa wingi. Picha za Jabreen nitazibandika nikipata nafasi, isipokuwa ile ya shangazi kakaa chumba cha farasi. Hiyo kanikataza.

Nisalimieni wakubwa kwa wadogo.