Uume ukiumia, angalia na mkojo wako

Mlio wa ghafla wakati wa tendo la ndoa, maumivu makali, kisha uume unalegea, unavimba na kugeuka rangi kama bilinganya. Madaktari huita hali hii kuvunjika kwa uume, ingawa uume hauna mfupa. Kinachopasuka ni utando mgumu unaobana damu uume ukiwa umesimama.

Mpasuko huo wakati mwingine hufika hadi kwenye mrija wa mkojo, unaopita upande wa chini wa uume. Mrija huo huumia pia kwenye ajali za bodaboda zinazovunja nyonga, au mtu anapoangukia fremu ya baiskeli miguu ikiwa imetanuka.

Dalili kwamba mrija umeumia

• Damu kwenye tundu la uume, hata tone moja
• Mkojo kugoma kutoka
• Mkojo wenye damu, au maumivu wakati wa kukojoa
• Uvimbe unaosambaa hadi kwenye korodani

Ukiona hata moja, nenda hospitali siku hiyohiyo, aibu weka kando. Usijilazimishe kukojoa. Mpira wa mkojo nao hausukumwi kwa nguvu, maana unaweza kuongeza mpasuko. Kwa kawaida daktari hupiga kwanza eksirei yenye dawa inayoonyesha mrija ulipochanika. Uume uliovunjika hushonwa kwa upasuaji, na mrija hushonwa hapohapo.

Kovu linalokuja baadaye

Hapa ndipo wengi hukosea: maumivu yakiisha, wanadhani wamepona. Kidonda ndani ya mrija huacha kovu, na kovu hubana njia taratibu, kwa miezi au hata miaka.

Mkojo unakuwa mwembamba, unakatikakatika, na kibofu hakiishi. Wengine hutibiwa UTI kila mara bila kujua chanzo. Likiachwa, tatizo hili linaweza kuleta mawe kwenye kibofu na kuharibu figo.

Tiba ipo. Kovu fupi linaweza kutanuliwa au kukatwa kwa kifaa chenye kamera, ingawa mara nyingi hurudi. Kovu refu huhitaji mrija kutengenezwa upya, wakati mwingine kwa kutumia utando laini wa ndani ya shavu la mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo mkojo ukianza kusumbua, mwambie daktari kuhusu ajali ile, hata kama ni ya miaka mitano iliyopita.