Miongo, Mchicha na Mvua za Vuli

Mtu akiniuliza mwezi gani unafaa kusia mchicha Dar es Salaam, sina jibu la neno moja. Joto la pwani halijapata kuukataza mchicha kuota. Ni mboga ya wiki tatu au nne tu, tangu mbegu kumwagwa tutani hadi kung'olewa na kufungwa mafungu. Shida ni maji: yatoke wapi, na yakija mengi yaende wapi.

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na haja ya kalenda ya ukutani. Alihesabu miongo, kama walivyofanya wakulima na mabaharia wa pwani hii kwa karne nyingi. Mwaka wao ulianza siku ya Nairuzi, jina lililotoka Uajemi, nao ulikuwa na makumi 36 ya siku na siku tano za nyongeza. Kila kumi ni mwongo mmoja. "Mume wangu," aliniita hivyo kama bibi wanavyowaita wajukuu wao, "leo mwongo wa ngapi?" Nami nilipaswa kujibu kabla ya kupewa uji.

Hesabu hiyo ina kasoro moja. Mwaka wa siku 365 usio na siku ya ziada kila baada ya miaka minne hurudi nyuma polepole, takriban siku 25 katika miaka mia. Katika karne ya 19 Nairuzi ilianguka mwishoni mwa Agosti. Siku hizi Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, husherehekewa Julai. Kwa hiyo mwongo aliopandia babu hauwezi kuwa ule ule atakaopandia kitukuu. Nilipomweleza bibi jambo hili, nikijiona msomi, alicheka. Miongo, alisema, ni ya kukumbushia tu, upepo ndio wa kusikiliza. Kaskazi ikilegea mwezi Machi na kusi ikaanza kuvuma, masika hayo yamefika.

Masika ndiyo mvua kubwa. Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 hivi kwa mwaka, na Aprili peke yake huzidi 200. Mgeni angedhani huo ndio wakati wa mboga tele. Wapi! Mchicha wa jiji hulimwa mabondeni, kandokando ya Msimbazi na mito mingine, na mabonde hayo hujaa maji. Majani hupigwa na matone hadi yakajaa tope, nyanya huingia ukungu, na fungu la mchicha hupanda bei sokoni. Neema ya mkulima wa mjini ni kipupwe, Juni hadi Agosti, jua linapokuwa la upole, na usiku wa Julai nyuzi zinashuka hadi 19 au 20. Mvua hazipo ila za mchoo, lakini udongo wa bondeni una unyevu na kisima cha kuchimba kwa jembe hakikauki. Hapo kila mwenye ndoo analima, na bei inaanguka. Januari na Februari ni kinyume chake: kaskazi kavu, jua kali, na kumwagilia asubuhi na jioni bila kukosa.

Sisi tuliingia bondeni mwaka 1974. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umeikausha nchi, serikali ikanunua chakula nje, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikawataka hata watu wa mijini washike jembe. Mahindi na mihogo ikaota kwenye viwanja vya wazi. Baba, karani asiyejua kushika mpini, alijipatia kipande karibu na Jangwani, na bibi akakichukua mara moja. Alikataa kupanda chini karibu na mto. Matuta yake yote aliyaweka juu, penye udongo hafifu, akabeba samadi ya kuku kichwani miaka yote. Tulimwona mkaidi.

Miaka ya themanini, mshahara ulipokuwa haumalizi wiki mbili, kipande kile ndicho kilichotulisha. Hatukuwa peke yetu. Maofisa wakubwa walifuga kuku na kulima mchicha nyuma ya nyumba za serikali. Mwaka 1992 sheria ndogo za kilimo cha mijini ziliandikwa hata kuweka kikomo cha ekari tatu kwa mtu. Sisi hatukuwa na robo ya ekari.

Bibi alipofariki nilishusha matuta. Udongo wa chini ulikuwa mweusi, wenye rutuba, na maji yalikuwa hatua tano tu. Nilijua hatari ya masika, kwa hiyo kila Machi niliondoka na kurudi Juni. Vuli sikuiogopa. Vuli ni mvua ndogo, ya Oktoba hadi Desemba, inanyesha na kuacha, inamwagilia kwa niaba yako. Mwaka 1997 nilisia matuta 14 kwa ajili ya vuli, nikitegemea ada ya shule ya mtoto ya Januari.

Ile ndiyo vuli ya El Niño. Mvua haikuacha. Siku niliyofika na kuona maji ya kahawia yamefunika matuta yote, sikuona hata ncha ya mti wa kufungia kamba. Juu, palipokuwa matuta ya bibi, palikuwa pakavu, na kunde za jirani zilikuwa zimesimama.

Baadaye nilisoma jambo ambalo lingemfurahisha. Vuli ndiyo inayobadilika zaidi mwaka hata mwaka kuliko masika. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu huku ikipoa upande wa Indonesia, vuli hufurika. Ikiwa kinyume, hukauka. Vuli ya 2005 ilikosekana, na mwaka 2006 tukakaa gizani kwa mgawo wa umeme. Vuli ya 2019 ilizidi. Na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kuwatoa wengi mabondeni hadi Mabwepande, yalikuwa ya vuli pia.

Mwaka huo sikuwa na tuta tena. Ada ya 1998 niliikopa kwa shemeji, nikailipa kidogo kidogo hadi masika ya mwaka uliofuata. Siku hizi nasia kwenye viroba uani, kunde na matembele, na kila Oktoba navitoa chini ya mfereji wa paa navipeleka ukutani. Mjukuu wangu huvisogeza nami. Nimejaribu kumfundisha miongo, lakini yeye huangalia kwenye simu.