Mfyatuko: Kitu Kinachomtoka Bondia Kabla ya Nguvu

Ukikaa karibu na ulingo pale Friends Corner, Manzese, au kwenye ukumbi wa PTA Sabasaba, Temeke, utawasikia mashabiki wakimhukumu bondia mkongwe kwa maneno mawili: nguvu zimekwisha. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Mwanamume wa miaka 42 anayeshinda sokoni akipakua magunia anaweza kuwa na nguvu kuliko kijana wa miaka 20 anayemsumbua ulingoni usiku. Kilichompungukia ni kitu kingine, na kitu hicho hakijapata jina lililotulia katika Kiswahili cha michezo. Mimi nakiita mfyatuko.

Tuanze na fizikia, kwa sababu ndiyo inayotenganisha mambo ambayo mazungumzo yetu huyaweka kapu moja. Kani ni msukumo au mvuto unaokifanya kitu kisogee. Mtoto wa shule ya msingi hapa Tanzania hulisoma neno hilo kwenye somo la sayansi. Nguvu za bondia, kwa maana ya ubavu wake, ni kani kubwa kabisa ambayo misuli yake inaweza kuitoa ikipewa muda wa kutosha. Lakini ukizidisha kani kwa kasi unapata kipimo cha tatu, kinachoeleza kazi kubwa kiasi gani imefanyika ndani ya muda mfupi kiasi gani. Kwenye injini za magari tunakipima kwa nguvu za farasi. Kwenye mwili wa binadamu tumekiacha bila jina, na yule mtoto akifika sekondari anaanza kusomeshwa fizikia kwa Kiingereza, basi istilahi inaishia hapo ilipoishia.

Kwenye ngumi, muda ndio unaoamua. Msuli huhitaji takriban theluthi moja ya sekunde, wakati mwingine zaidi, kufikia kilele cha kani yake. Miondoko ya haraka kama ngumi na mbio fupi huupa msuli kati ya sehemu 50 na 250 za elfu moja ya sekunde. Kwa hiyo hakuna bondia anayetumia nguvu zake zote katika konde moja. Anatumia zile tu zilizowahi. Mfyatuko ni uwezo wa kuziwahisha. Hassan Mwakinyo wa Tanga alipokwenda Birmingham Septemba 2018, akiitwa dakika za mwisho kuziba nafasi, alimmaliza Sam Eggington raundi ya pili kwa makonde ya mfululizo. Wengi tulisema ana nguvu. Tulichokuwa tunakitazama ni mfyatuko.

Kwa nini neno hili na si jingine? Nguvukasi lingekuwa jepesi, maana limeundwa kama mwendokasi na linaeleza hesabu yenyewe. Tatizo lake ni herufi moja. Katika kelele za jimu halitofautiki na nguvukazi, neno lenye maana yake na historia yake: wazee wa Dar es Salaam wanaikumbuka Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wasio na ajira walipokamatwa mjini na kupelekwa mashambani. Wapo wanaosema nguvu ya mlipuko. Hilo naona linapotosha, kwa sababu mlipuko husambaa kila upande na konde halisambai. Lina njia moja. Kufyatuka ni kwa mtego: kitu kimekazwa, kimeshikiliwa, kisha kinaachiwa ghafla kuelekea mahali kilipolengwa. Watangazaji wa mpira walishatutangulia, wanaposema mchezaji amefyatua shuti. Tena kocha hahitaji kuhutubia. Anasema tu, "Ngumi yako leo haifyatuki," na bondia anaelewa.

Sasa umri. Misuli yetu ina nyuzi za polepole, zinazovumilia kazi ndefu, na nyuzi za haraka, zinazofyatuka na kuchoka mapema. Miaka inapokwenda, nyuzi za haraka ndizo zinazosinyaa zaidi. Baadhi ya neva zinazoziamrisha hufa, na nyuzi zilizoachwa yatima zikichukuliwa na neva za polepole hugeuka kuwa za polepole pia. Ndiyo maana mfyatuko huondoka mbele ya nguvu. Mwaka 1994 Dawn Skelton na wenzake nchini Uingereza walichapisha vipimo vya watu wenye afya wa miaka 65 hadi 89. Tofauti kati ya umri mmoja na mwingine ilionyesha nguvu ikipungua kwa kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwaka, na mfyatuko wa mguu kwa karibu asilimia 3.5. Hao ni wazee kuliko bondia yeyote, lakini mteremko huo huo huanza mapema, taratibu.

Mguu nimeutaja makusudi. Mwaka 1985 Filimonov na wenzake wa Umoja wa Kisovyeti walichapisha vipimo vya mabondia vilivyoonyesha kuwa kwa mabingwa, karibu asilimia 38 ya kani ya ngumi ilitokana na kusukuma mguu, 37 kuzungusha kiwiliwili, na 24 tu kunyoosha mkono. Kwa wanaoanza, mguu ulichangia kama 17, na mkono 38. Kwa hiyo mkongwe aliyelegea miguu anarudi kupiga kama mwanafunzi, hata kama mikono yake bado ni mizito.

Watu watamtaja George Foreman. Alipigwa na Muhammad Ali mjini Kinshasa mwaka 1974 akiwa na miaka 25, kisha Novemba 1994, akiwa na miaka 45 na amevaa bukta ile ile ya Kinshasa, akamwangusha Michael Moorer raundi ya kumi kwa mkono wa kulia mfupi. Ni kisa cha kutia moyo, ila kinafaa kunukuliwa kwa uangalifu. Foreman wa 1994 alikuwa na zaidi ya kilo 110. Uzito ulifidia kasi. Bondia wa Keko mwenye kilo 57 hana akiba hiyo. Wa kumtazama ni Manny Pacquiao, aliyemshinda Keith Thurman Julai 2019 akiwa na miaka 40, katika uzito usiofika kilo 67, baada ya kumwangusha raundi ya kwanza. Nyumbani tunaye Rashid Matumla, aliyeendelea kupanda ulingoni baada ya kutimiza miaka 40.

Je, mfyatuko hurudi? Sehemu yake hurudi, kwa sharti kwamba ufanyiwe mazoezi yenyewe. Hapa ndipo neno linapokuwa na faida, kwa sababu bondia anayeamini amepoteza nguvu huongeza kilomita za alfajiri na raundi za begi. Hayo hujenga pumzi na uvumilivu, yaani zile nyuzi za polepole ambazo bado anazo. Mfyatuko unataka machache ya kasi kamili: kuruka juu mara tano, kurusha mpira mzito ukutani kwa nyonga na mguu, mbio za mita 20, makonde matatu kwenye pedi, kisha kupumzika dakika mbili au tatu. Ukibeba chuma kizito, kisukume kwa nia ya kukikimbiza hata kama kinakwenda polepole; utafiti wa Behm na Sale wa mwaka 1993 ulionyesha kuwa nia hiyo yenyewe huufundisha mfumo wa neva. Kasi ikishuka, zoezi limekwisha, hata kama jasho halijatoka. Siku mbili kwa wiki zinatosha kwa mwenye miaka 40, kwa sababu kano zake hupona polepole kuliko za kijana.

Kuna kisichorudi. Ubongo uliopokea makonde kwa miaka 20 haufanyiwi mazoezi ukawa mpya, na mfyatuko uliofufuliwa haumlindi mtu na konde asiloliona likija. Makocha wa Temeke na Kinondoni, wapimeni wakongwe wenu kwa kuruka na kwa kurusha kabla ya kuwaambia wameisha, na wapelekeni hospitali wakachunguzwe kichwa na moyo kabla ya kuwatafutia pambano.