Ziwa Halipwi

Neno pwani limezaliwa na kitenzi kupwa. Ni mahali ambapo maji hupwa, yakaacha mchanga na mwani, na baada ya saa sita hivi yakajaa tena. Mtu wa Bagamoyo au Pemba hana haja ya kuelezwa hayo. Taabu huanza pale waraka wa mabadiliko ya tabianchi unaposafiri hadi Kagera huku umebeba "jamii za pwani", ukakabidhiwa watu wa Bukoba na Muleba kama vazi lililoshonewa mwingine.

Bukoba ina maji hadi upeo wa macho, na Kisiwa cha Musira kimekaa mbele ya mji. Hata hivyo, hakuna anayeaga nyumbani kwamba anakwenda pwani. Anakwenda ziwani; akiwa mvuvi au mchuuzi wa dagaa, anakwenda mwaloni.

Huu si ubishi wa maneno matupu. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea lenyewe, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Likijaa, hukaa. Mvua zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na miongo ikapita bila maji kurudi yalikotoka. Mei 2020 rekodi hiyo ya 1964 ikavunjwa, na mwaka 2024 ziwa likapanda tena kupita hapo. Neno pwani lina ahadi ndani yake: maji yatarudi nyuma. Mwenye kibanda ukingoni mwa ziwa akiiamini ahadi hiyo, atasubiri sana.

Sheria nayo imejikwaa hapo hapo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Ukingo wa mwaka gani? Maji yakipanda, nyumba inaweza kusimama palepale ilipojengwa, sheria ikaifuata ilipo.

Ndiyo maana nalipenda neno mwalo. Halidai lolote kuhusu tabia ya maji. Linataja mahali mitumbwi inapotia nanga, samaki wanapopimwa na bei zinapogombewa. Maji yakiufunika mwalo, watu wanasogea na mwalo unasogea nao. Kambi ni hivyo hivyo. Katika visiwa vya Muleba, Bumbire na Goziba kwa mfano, mvuvi husema yuko kambini, na nyumba nyingi za huko ni mbao na mabati, vitu vinavyong'oleka. Neno lenyewe linakiri kwamba kuna siku ya kuhama.

Linganisha na istilahi rasmi ya nyaraka za tabianchi, kuhimili. Ni ndugu wa hamali, mchukuzi wa mizigo. Anayehimili amesimama chini ya mzigo na hasogei. Kwa ukuta wa kuzuia mawimbi, neno limepata mwenyewe. Kwa mwanamke anayeanika dagaa Kemondo, jirani na Bukoba, sina hakika. Ufukwe ukimezwa, hana mchanga wa kuanikia, na Bukoba, inayopata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, haimpi jua la kutosha kila msimu. Afanyacho ni kupandisha dagaa kwenye chanja: fito, wavu, na upepo unaopita chini na juu. Hauzi tena dagaa wenye mchanga, na mvua ikitishia, turubai hutandazwa haraka. Hajahimili kitu hapo, amejipanga upya.

Kujipanga ni neno la mtaani, na wahariri wa nyaraka watalikwepa kwa sababu hiyo hiyo. Mimi ningelichukua. Na ripoti ya tabianchi ya Muleba ningeianza kwa kuuliza, mwalo kwa mwalo, chanja zilikuwa wapi kabla ya 2020, ziko wapi leo, na eneo zilipohamia ni la nani.